Yai la Saa Nne

"Kwani mama leo ana nini? Mbona hanisalimii?"

Mteja ndiye aliyeuliza, ndiyo kwanza ameingia, gauni la kupunguzwa akiwa kalivaa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikipima pindo la gauni, pini zimenijaa mdomoni, mgongo nimempa mama yangu. Nikaguna tu. Mama yangu aache kusalimia mteja? Labda jua lichomoze magharibi. Ndipo nikakisikia kile kimya, na mwili mzima ukanisisimka.

Kimya hicho nilikuwa nakiogopa tangu muuguzi atukataze karanga.

Cherehani yetu ilikaa dirishani, kwenye mwanga, na kiti cha mama kilikuwa nyuma yangu, karibu na meza ya kukatia vitambaa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi kabla yangu. Macho yalipomwishia nguvu alinikabidhi mkasi, mdomo akabaki nao. Kila saa nne asubuhi alitafuna karanga zake, kachu, kachu, huku akinikosoa mishono kwa kusikiliza tu: "Unakimbiza cherehani, nani anakufukuza?" Sikuwa na haja ya kugeuka. Ilimradi nasikia anatafuna, najua yupo.

Kisha siku moja karanga ikampalia, nikamkimbiza zahanati. Muuguzi akasema meno yaliyobaki hayaiwezi tena kazi hiyo. Nimpe vitu laini: papai, ndizi mbivu, maziwa mgando, yai la kuchemsha lililokatwakatwa, na maji pembeni. Wala asiache kula kati ya mlo na mlo, maana alishaanza kukonda.

"Mnanilea kama kifaranga," mama alilalamika njia nzima.

Alilalamika, lakini alikula, na mashavu yakarudi. Aliyekonda sasa ni mimi. Papai halina sauti, jamani! Nashona, nasimamisha cherehani, natega sikio.

"Mama?"

"Nipo, sijafa."

Nashona tena kidogo.

"Mama?"

"We mtoto, utanizika mzima mzima!"

Akicheka, nami nacheka, huku moyo unanienda mbio. Niliogopa, tena niliogopa kweli, kwamba ataniondokea pale pale nyuma ya mgongo wangu, mimi nikihangaika na kifungo cha shati la mtu.

Basi siku hiyo nikageuka. Mama alikuwa ameketi wima, macho yamemtoka, mkono kooni, mdomo wazi na hakuna pumzi inayoingia wala kutoka. Sahani ya yai ilikuwa tupu mapajani. Nikaelewa papo hapo. Ilikuwa sheria yake, aliyonifundisha kabla hata sijajua kutunga uzi kwenye sindano: fundi hali mbele ya mteja. Alisikia mlango, akaona haya kukutwa anatafuna, akabugia yai lote kwa mkupuo.

Nikatema pini. Nikamwinamisha, kifua chake nimekiegemeza mkononi mwangu, nikampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Kimya. Nikapiga tena. Mifupa yake ilikuwa myepesi mno. Niliogopa nitamvunja, na kuacha niliogopa zaidi. Mteja alikuwa akipiga mayowe, "Mungu wangu! Mungu wangu!" na mimi nikisema, "Usiende, mama, usiende, mama yangu." Midomo yake ilianza kuingia weusi. Nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Yai likatoka. Kikafuata kikohozi, kirefu, kibaya, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Akavuta pumzi, akainua uso.

"Karibu, mwanangu," akamwambia mteja kwa sauti ya kukwaruza, machozi yakimtiririka. "Samahani, umenikuta nakula."

Mimi nilikaa chini, juu ya pini zangu mwenyewe, nikalia kama mtoto.

Kesho yake mama alivaa subana, kile kikofia cha chuma mafundi tunachovaa kidoleni sindano isituchome. Kila alipomeza kipande aligonga nayo mkono wa kiti. Ko. Hatukuwa tumekubaliana hivyo. Alianza tu mwenyewe. Mteja aingie asiingie, alikula taratibu na akagonga. Aligonga miaka mingi, mpaka alipougua akaniaga kitandani kwake, mkono wake ndani ya mkono wangu. Nilikuwa namtazama usoni.

Siku hizi cherehani ni ya binti yangu, na kiti ni changu. Saa nne ikifika ananikatia papai.

"Mama, hiyo subana ya nini, na wewe hushoni tena?" aliniuliza juzi, bila kugeuka.

"Mazoea tu."

Mguu wake ukasimama kwenye kanyagio, mabega yakakaza, kichwa akakiinamisha upande kidogo. Najua mtu anayetega sikio. Nikatafuna kipande cha papai taratibu, nikameza, nikagonga. Mabega yake yakashuka, na cherehani ikaendelea.