Mama Ersilia Atoa Vitu Nje

Mama Ersilia aliteremka kwenye ndege ndogo pale Lodwar, mkono mmoja ameshika fimbo, wa pili sanduku la ngozi ambalo hakukubali mtu alishike. Si rubani, si mwanawe Bruno, si mkwewe Nabei aliyekuwa ametangulia kunyoosha mikono. Alikuwa na miaka sitini na saba na nyonga iliyowahi kuvunjika. Akasimama katikati ya kile kiwanja cha vumbi, akavuta hewa ya moto puani, akasema jambo kwa Kiitaliano.

"Anasema nini?" Nabei akauliza.

"Anasema kwao mipichi imechanua," Bruno akajibu huku akijipangusa jasho.

Nabei akatazama kule alikotazama mama. Aliona mbuzi na gurudumu bovu. Akajiambia kimoyomoyo, haya, mgeni tumempata.

Huo ulikuwa mwezi wa nne, mwaka tisini na tano. Nabei na Bruno walikuwa na miaka miwili ya ndoa, na haikuwa ndoa ya kuokoteza. Bruno, fundi wa pampu za maji, alipeleka ng'ombe, ngamia na mbuzi kwa mzee Ekwam, baba yake Nabei, ng'ambo ya mto Turkwel, mpaka wazee wakaishiwa na la kudai. Wazee wa Kiturkana hawaishiwi upesi. Dume la ng'ombe likachomwa mkuki, watu wakala wakashiba, ndipo padri naye akapewa nafasi ya kumalizia kazi yake kanisani.

Mama Ersilia hakuja harusini kwa sababu ya ile nyonga. Daktari alimwamuru alale. Bruno alisimulia kwamba badala ya kulala mama alipogoa mizabibu yake yote akiwa kitini, na mabinti wanakisogeza kile kiti mzabibu hadi mzabibu. Mjane, watoto sita, wajukuu tele, na katika ukoo mzima hakuna aliyethubutu kununua hata jogoo bila kumuuliza. Bruno peke yake ndiye aliyethubutu, tena hakununua jogoo, alioa mke.

Kwa hiyo Nabei aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa fisi. Na mambo yalizidi pale pampu moja ya Kakuma ilipokufa, Bruno akaitwa kule kwenye kambi ya wakimbizi, wanawake wawili wakabaki wanatazamana. Mama Ersilia alijua maneno matatu ya Kiswahili: asante, kula, na wapi. Nabei naye, neno la Kiitaliano hakujua hata moja. Mama alipitisha kidole juu ya meza, akakitazama, akapiga ulimi. Sasa vumbi la Lodwar utalifanya nini? Unalipangusa upande huu, linaingilia ule. Kisha mama alikuwa na namna ya kumtazama Nabei kuanzia usoni na kushuka, na Nabei, ambaye bado hakuwa amepata mtoto, alijua vizuri macho yale yalikuwa yanakwenda kutua wapi. Au alidhani anajua.

Siku moja mvua ilinyesha, mvua ya kweli, ya kupiga mabati mpaka watu wakaacha kuongea. Kulipokucha migunga ya kando ya njia ilikuwa imeanza kutoa maua. Mama Ersilia alitoka na fimbo yake, akarudi na kitawi kimoja, akakitia ndani ya glasi ya maji, akakaa akikitazama kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Jioni ile alisugua mikono kama mtu anayesubiri chakula kiive.

Kesho yake, Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, Nabei akaenda sokoni asubuhi kununua samaki wa ziwani, wale wa Ferguson's Gulf. Aliporudi alikuta majirani wamejipanga kwenye ua wake wa miiba kama watu wanaotazama mpira.

Vitu vyake vyote vilikuwa nje. Kitanda kimesimamishwa kwa ubavu. Godoro limeanikwa juani. Masufuria, redio, picha ya harusi, ngozi aliyovaa siku ya kuolewa, na kibuyu cha maziwa alichoachiwa na marehemu mama yake, vyote chini ya jua, mbele ya macho ya watu. Na mlangoni Mama Ersilia, kilemba kichwani, ufagio mkononi, anatimua vumbi kwa bidii ya kutisha.

Mtu wa kwingine angeuliza. Lakini kwa Waturkana nyumba ni ya mke. Yeye ndiye huijenga, yeye huibomoa, yeye hupakia punda siku ya kuhama. Vitu vya ndani vikionekana nje asubuhi, maana yake ni mbili tu: boma linahama, au mke anaondoka. Na fundi pampu hana malisho ya kuhamia.

"Nabei," alisema Abei, jirani yake, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka barabarani, "huyu mama amekutoa."

"Naona."

"Yeye hata moja ya kwake hajatoa. Angalia wewe mwenyewe."

Nabei akachungulia mlangoni. Ndani kulikuwa kutupu. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki, katikati ya sakafu tupu: lile sanduku la ngozi. Hapo moyo wake ukavunjika. Alihisi machozi yanakuja, akayameza, maana kulia mbele ya majirani wote wale kungekuwa kuwapa kitoweo cha wiki nzima. Mama Ersilia alimwona, akatabasamu, akasema neno refu la kwao. Nabei akaona hata aibu hana. Akaweka samaki kizingitini, akampa mgongo, akaenda kutafuta lori la kumfikisha Kakuma.

Alimkuta Bruno kwenye kisima pembeni mwa kambi, amepakaa grisi hadi masikioni, pamoja na Duop, mkimbizi kutoka Sudan aliyekuwa msaidizi wake. Nabei hakusalimia.

"Mama yako amenitoa kwa nyumba."

Bruno akaweka spana chini. "Amekutoa vipi?"

"Vitu zangu zote iko nje. Watu wote wameona."

"Na kitanda?"

"Na kitanda."

"Godoro ameliweka juani?"

"Ameweka kwa jua, eeh."

Bruno akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya bomba, na Nabei akatazama kama pale karibu kulikuwa na jiwe la kumtosha.

"Bruno, wewe wacha kucheka," alisema Duop. "Bibi amekuja na jua hii yote. Wewe lia kidogo, halafu utacheka kesho."

Bruno akajikaza, akamshika Nabei mkono, akamwelezea. Kwao, alisema, baridi hukaa miezi mingi. Madirisha hufungwa, moshi hukaa ndani na watu, kuta hutoa maji. Halafu unaamka siku moja, hewa imekuwa laini, vyura wanapiga kelele mitaroni, mipichi imevaa maua kabla ya kupata majani. Hayo ndiyo majira ya kuchipua. Siku hiyo kila mwanamke anatoa nje kila kilichomo ndani, anapiga magodoro, anasugua sakafu, ili Pasaka ikute nyumba safi na padri aje kuibariki. Mama yake hajawahi kuruka hata mwaka mmoja. Mwaka aliomzika baba alivitoa vitu nje. Mwaka wa nyonga alivitoa kwa mdomo, amelala, anaamrisha.

"Hapa hakuna baridi," Nabei akasema. "Dirisha zetu hazijafungwa tangu tuingie."

"Ameona maua, basi. Maua yamemdanganya."

Nabei karibu aamini. Alitaka kuamini, roho yake ilikuwa inalitaka neno hilo kama mtu mwenye kiu. Lakini akakumbuka.

"Na sanduku yake? Kama ni kusafisha, mbona ya kwake amewacha ndani? Yangu tu ndio chafu?"

Kicheko chote kikamtoka Bruno. "Hilo sijui," alisema.

Walilala Kakuma, na kulipokucha wakashika njia ya Lodwar kwenye gari la kazi. Nabei alikuwa ameshaamua: kama mama hamtaki, atarudi kwa baba yake, na Bruno achague mwenyewe upande wa kusimama.

Langoni walikuta punda. Punda wa mzee Ekwam, wamefungiwa matandiko ya kubebea mizigo, wanatafuna majani ya ua. Habari zilikuwa zimevuka Turkwel, nani alizivusha usiniulize, Abei yupo. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kivulini juu ya ekicholong, kile kigoda chake kidogo cha mti, mkuki umeegemea ukuta. Na katikati ya uwanja, juu ya kitanda cha Nabei, alikuwa ameketi Mama Ersilia, fimbo imelazwa magotini, kibuyu cha maziwa kimekumbatiwa kifuani.

"Ejok, Apa," Nabei akamwamkia baba yake.

"Ejok-nooi. Nilikuja jana kuchukua vitu yako," alisema Ekwam. "Huyu mama amekataa. Nilivuta ngozi, yeye akavuta. Nikavuta kibuyu, akanipiga na fimbo hapa." Akaonyesha bega, na katika sauti yake kulikuwa na heshima. "Amelala hapo nje juu ya kitanda. Tumempa maziwa, hajataka kuweka kibuyu chini."

Mama Ersilia alipomwona Nabei aliinuka, akaanza kusema kwa kasi.

"Anauliza ulikuwa wapi," Bruno akatafsiri. "Anasema amekungoja tangu jana. Samaki alimkaanga, hukuja, paka akamla. Anasema akaja mwizi na punda."

"Mwizi?" Ekwam akauliza.

"Mzee, hakujua ni wewe."

Nabei hakucheka. "Muulize. Mbona alitoa vitu yangu yote, na sanduku yake akawacha ndani?"

Bruno akauliza. Mama Ersilia akamtazama Nabei kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. Akajibu kwa maneno machache. Bruno akamgeukia mkewe.

"Anasema vitu vya mgeni havitolewi nje. Na mgeni ni yeye. Nyumba ni yako."

Majirani wakasogea karibu. Abei mbele yao.

Mama akaendelea, sasa polepole, na Bruno akimfuata nyuma. Alikuwa bibi harusi mbichi mwaka wa hamsini na moja, mto Po wa kwao ulipovunja kingo ukaingia vijijini. Maji yalimchukua mama mkwe wake. Yaliposhuka yaliacha tope hadi madirishani, na majirani wengi wakafunga walichobakiwa nacho wakaenda mijini, wasirudi. Majira ya kuchipua yalipofika, Ersilia akaitoa nje nyumba nzima, kijiko kwa kijiko, akachota tope, akasugua sakafu. Wapita njia walidhani naye anahama. Akawaambia mtu anayehama hasumbuki na sakafu. Tangu hapo amefanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka amefanya akimkumbuka yule mama mkwe ambaye wangeifanya kazi hiyo pamoja.

"Anasema kutoa vitu ni kazi ya mikono tu, hata mgeni anaweza," Bruno akasema. "Kurudisha ndio lazima mwenye nyumba awepo, aseme kila kitu kinakaa wapi. Ndiyo sababu alikungoja."

Nabei alisimama pale na aibu yake na furaha yake, hajui ipi ianze. Aliona sasa kuta za ndani zimepakwa chokaa, nyeupe kama maziwa. Aliona mikono ya mama ilivyochubuka. Macho yale aliyoyaogopa siku zote yalikuwa yanamngoja yeye aamue.

Mama Ersilia akainua kibuyu. "Wapi?" akauliza.

"Pale," Nabei akasema, "kando ya mahali pa kitanda."

Wakaanza. Ngozi ya harusi, wapi? Ukutani. Redio, wapi? Dirishani. Mzee Ekwam naye, ambaye hakupenda safari ya punda wake ipotee bure, aliwapeleka mtoni kuleta maji ya kusugulia masufuria, akirudia njiani kwa kila aliyekutana naye kwamba binti yake amepata mama mkwe mwenye mkono wa nguvu.

Kila kitu kilipokaa mahali pake, Nabei aliingia tena ndani peke yake. Akatoka na lile sanduku la ngozi, ambalo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kulishika. Akalibeba hadi katikati ya uwanja, akaliweka juani, akalifungua. Akatoa gauni la kwanza, akalikung'uta, akalitandika juu ya ua wa miiba. Akatoa la pili.

Mama Ersilia alishika mwimo wa mlango. Bruno alitaka kumsaidia, mama akamsukuma. Alilia waziwazi, mbele ya majirani wote, bila kujificha, kisha akajipangusa kwa kilemba, akatoka nje, akaanza kupokea nguo kutoka mkononi mwa Nabei.

"Sasa huyu mama naye anahama?" Ekwam akauliza, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi na maji.

"Hapana, Apa," Nabei akajibu. "Amefika."