Mkonge wa Saba

"Bado," alisema Mzee Herculano, mkono ukiwa katikati ya miiba. "Wiki tatu hivi."

Otilia, mke wa mwanawe, aliinama kuutazama. Mkonge alioushika mkwewe kweli ulikuwa bado. Ila haukuwa wenyewe.

Wenyewe ulikuwa hatua mbili nyuma yake. Mzee aliupanda siku aliyozaliwa Maura, bintiye Otilia, akaapa mbele ya watu kwamba harusi ya mjukuu wake itanywa tembo la mkonge huo. Harusi ilikuwa mwakani, wakati ambao mkonge ukikatwa sasa ungekuwa tayari kugemwa. Na moyo wake, yale majani machanga ya katikati, ulikuwa umeshakonda. Moyo ukikonda, ua liko njiani. Usipoukata upesi, mlingoti wa ua unapanda na utamu wote, na miaka kumi na minane imekwenda na maji.

Macho ya mzee yalikuwa na ukungu tangu mwaka jana. Kila mtu alijua, hakuna aliyethubutu kusema. Uwanda mzima wa Apan ulimsifu kwa jicho lake, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hizi alihesabu mikonge kwa mkono kutoka ukutani mpaka wa saba. Lakini wa tatu uliliwa na fukusi, wakaung'oa wakati wa mvua. Aliambiwa, akasahau.

"Baba, tuuangalie tena."

"Unanifundisha kugema? Ulipoolewa hapa hata chapati za tortiya zilikuwa zinakuungulia."

"Mpaka leo zinaungua, Baba."

Mzee alicheka, akarudisha kisu alani, akageuka kwenda nyumbani. Otilia alimtazama akipiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kumwaibisha mkwe ni dhambi. Kunyamaza je?

"Baba. Wa tatu tuliung'oa. Fukusi."

Mzee alisimama. Otilia akajuta kuwa na mdomo. Kisha akarudi, akipapasa majani, akaufikia wa saba wa kweli. Vidole viliuzunguka moyo, vikakutana upande wa pili. Uso ukamsawijika.

Akachomoa kisu, akampa Otilia mpini.

"Kata wewe. Mimi nitashika majani."

Otilia alikata kuuzunguka moyo. Miiba ilimchana mzee kiganjani, asiyaachie majani. Moyo ulipotoka, ndani kulikuwa na chipukizi jeupe la ua.

"Limefika wapi?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kidole kimoja."

"Changu au chako?"

"Changu, Baba. Kile kidogo cha mwisho."

Mzee akaketi pale pale mchangani. "Tumewahi," alisema, akajifuta macho kwa kiganja chenye damu. "Kesho unishike mkono, mwanangu, tuihesabu mikonge upya."