Maegesho ya Bure

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nakiri mapema kabla Bonge hajafika, maana yeye akisimulia kisa hiki hukiongezea chumvi na kunipunguzia akili.

Mimi ni kinyozi. Kichwa cha mtu kikiwa mikononi mwangu hana pa kukimbilia, kwa hiyo mwezi mzima niliwahubiria wateja namna ya kutembea kando ya bahari siku tatu na marafiki bila kurudi nyumbani umekauka mfukoni. Nendeni wanne: wanne mnajaza gari na mnajaza chumba, hamlipii kitanda kitupu. Mfuko wa safari ashike mtu mmoja, tena yule mwoga kuliko wote. Bebeni jiko dogo la gesi, sufuria moja, kisu kimoja. Mafuta jazeni mjini, kwa sababu ukikaribia fukwe kila kitu hupanda bei, hata salamu. Na msilipie kamwe kitu ambacho Mungu amekitandaza bure.

Ushauri huo wa mwisho ndio ulioniponza.

Tulikuwa wanne kama nilivyohubiri. Bonge, muuza mbao, ambaye mwili wake hupita mlangoni kwa awamu. Mwalimu, mshika mfuko, mtu anayeomba radhi hata kwa kiti kabla ya kukikalia. Mimi. Na Mama Sare, jirani yangu wa duka, ambaye ameshona sare za shule tangu cherehani yake ni ya kukanyaga.

Gari lilikuwa lake. Alilinunua mwezi uliotangulia, limechoka lakini lina nafasi kubwa nyuma, baada ya miaka tisa ya kubeba marobota kichwani na kubembeleza wenye magari. Jumatatu shule mbili zilikuwa zinasubiri mzigo, na walimu wakuu wote wawili walishamwambia wazi kwamba akichelewa tena kwa sababu ya usafiri, kazi anapewa mwingine. Siku tunaondoka, kaka yake mkubwa alisimama mlangoni, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hilo ni gari la kazi. Likikufia huko matembezini, usinipigie simu."

"Namba yako nimeshaifuta, kaka," Mama Sare akamjibu, akafunga mkanda.

Siku ya pili, saa sita mchana, tukafika kwenye ufuko mzuri kuliko zote tulizozipita. Mbele yake kulikuwa na hoteli, mbele ya hoteli geti, na getini mlinzi mwenye kitabu cha risiti. Kuegesha, akasema, mnalipa kwa idadi ya watu.

"Kwani tunaegesha watu?" nikamuuliza.

Hakucheka. Mwalimu akaanza kufungua mfuko, nikamshika mkono. Nusu kilomita nyuma nilikuwa nimeona upenyo wa kushushia mitumbwi. Tukarudi, tukateremka pale, tukaja tukiendesha juu ya mchanga mgumu, uliolala sawa kama meza, mpaka mbele kabisa ya hoteli ileile. Mahali pa kusimama nilichagua mimi, penye unyevu kidogo ambapo mchanga umeshikana. Bahari ilikuwa huko mbali, mstari mwembamba tu. Nikampungia mlinzi mkono.

"Maegesho ya bure," nikawatangazia wenzangu. "Andikeni."

"Mbona mchanga una maji?" Mama Sare akauliza.

"Umenyeshewa."

"Na mvua ipi?"

Nikamwambia njaa inamsumbua.

Sote tumekulia bara, mahali ambapo maji hukaa pale ulipoyaacha. Kwamba bahari hutoka ikarudi, tulisoma shuleni, na Mwalimu analifundisha somo hilo kila mwaka kwa mchoro wa rangi. Lakini kulichora jambo ubaoni na kulikumbuka ukiwa umeshiba ni vitu viwili. Tulipika, tukala, tukaogelea, tukajilaza kwenye kivuli cha ukuta wa hoteli. Usingizi ukatuchukua kama watu waliolipia.

Mwalimu ndiye aliyeniamsha, kwa adabu zake zote.

"Samahani, Kinyozi. Nadhani gari linaoga."

Maji yalikuwa yamefika nusu ya magurudumu, na magurudumu yenyewe yameshaanza kuzama. Tulikotokea kulikuwa bahari tupu. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ya zege, inayopanda kutoka ufukweni hadi uani kwa hoteli, na juu yake alisimama meneja, viatu vyeupe, mikono kiunoni.

"Trekta lipo," akasema, na akataja bei. Kwa bei ile ungeweza kununua milango miwili ya gari lile pamoja na vioo vyake.

Mwalimu akahesabu yaliyomo mfukoni, akahesabu tena, akaufunga. Mimi nikamtazama Mama Sare, nikisubiri machozi au matusi, na yote mawili nilikuwa nayastahili. Yeye alikuwa ameshapandisha gauni magotini na yuko nyuma ya gari, anavuta turubai analofunikia sare zisishike vumbi. Alilishona mwenyewe, mishono miwiliwili.

"Trekta lake akalimie," akasema. "Kinyozi, shuka chini. Nyoa mchanga wote mbele ya magurudumu. Bonge, nyuma. Na mtu asisukume kabla sijasema."

Nikanyoa kwa mikono na sufuria. Tukalikunja turubai mara nne, tukalisokomeza chini ya magurudumu, naye akaingia ndani akawasha. "Haya." Gari likasogea hatua mbili, likazama. Tukachomoa turubai, tukanyoa tena, tukatandika tena. Huko juu wageni walikuwa wametoka kwenye roshani, mkono mmoja glasi, mwingine simu. Kila wimbi lilikuwa linapanda kidogo kuliko lililopita, na Mama Sare ndani hakugeuza hata shingo.

Mara ya nne nikahisi bega la mtu kando ya langu. Ni yule mlinzi. Kofia na kitabu cha risiti alikuwa ameviacha ukutani.

"Nikikusaidia haimaanishi nimekusamehe," akaniambia.

"Sukuma kwanza, kaka, tutachukiana baadaye."

Gari likaruka kwenye mchanga mkavu, likakohoa, likapanda zege, likatoa maji kama kikapu. Katikati ya njia akasimama meneja, karibu kugusa boneti.

"Hampiti. Mtalipa kuegesha, watu wanne, na faini ya kupika kwenye eneo letu."

"Hatukuegesha kwako," nikasema. "Tuliegesha baharini."

"Ufuko huu ni wa hoteli. Kutoka ukuta ule mpaka ule, na kushuka mpaka majini."

"Ufuko ni wa umma," akasema Mwalimu. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikuomba radhi, na miaka yote niliyomjua sikuwahi kuisikia hivyo.

"Umma gani? Una karatasi? Mimi ninazo. Mchanga wetu, kivuli chetu, na hayo maji mliyoogelea ni yetu."

Mama Sare hakuzima injini, maana hakuna aliyejua kama ingewaka tena. Alishusha kioo, akatoa daftari anamoandika vipimo vya wanafunzi, akafungua ukurasa mweupe, akamnyooshea meneja pamoja na kalamu. Alichomwambia ndicho kilichomsogeza pembeni na viatu vyake vyeupe, na ndicho kilichofanya Jumatatu asubuhi sare ziwe mezani kwa walimu wakuu wote wawili.

"Vizuri, baba. Andika hapo kwamba maji ni yenu, utie na sahihi, ili fundi akimaliza kuosha injini nijue bili namletea nani."