Nyanya Mbichi za Ukutani

Tiki, tiki, tiki.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa kigololi kinachogonga kioo, na ulitoka gizani, karibu na mlango. Mama Nukta alifumbua jicho moja. Mlio huo alikuwa anaujua, ila hakukumbuka anaujulia wapi, kama vile unavyokutana na mtu njiani, mkasalimiana vizuri tu, halafu ukabaki unajiuliza huyu ni nani. Panya, akajiambia. Panya wa alfajiri hawana adabu. Akavuta blanketi mpaka puani, akanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, ule uliokuwa bado unaitwa upande wa Baba Nukta ingawa siku hizi ulilaliwa na nguo zinazosubiri kukunjwa. Usingizi ukamchukua tena.

Kulipopambazuka, Nukta alikuwa kwenye godoro lake, amejikunja kama kamba. Mama yake alipomgusa miguu aliikuta baridi kama bomba. Baridi ya safari hii haina masihara, akawaza, akamfunika vizuri, akachukua ndoo, akatoka uani kukinga maji.

Mtoto aliitwa Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo hivi kwamba baba yake, alipoonyeshwa, alisema, "Huyu siyo mtoto, huyu ni nukta." Jina la cheti lilikuwepo, zuri na refu, lakini hakuna aliyekuwa na muda nalo.

Baba huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi ilikuwa imemchukua mbali, kwenye ujenzi wa daraja, kwa mkataba. Siku moja kabla ya kuondoka aliokota miche ya nyanya aliyokuwa anaitupa jirani. Akachukua ndoo kuukuu za rangi, akazitoboa chini kwa msumari uliopashwa moto, akajaza udongo, akazipanga kando ya ukuta wa uani. Ilikuwa imechelewa, msimu ulishaanza kuwapita watu. Lakini yeye alipanda huku anaimba, na alipomaliza alimwinua Nukta juu akamwambia, "Hizi zikiiva tu, mnanitumia neno, na mimi huyo. Ole wenu mle bila mimi."

Nukta aliliweka neno hilo moyoni kama watoto wanavyoliweka, zima zima, bila kupunguza kitu.

Tangu hapo kila Baba Nukta akipiga simu swali la kwanza lilikuwa hilo. "Zimeiva?" Na Mama Nukta anajibu, "Bado." Mwanzoni walikuwa wanacheka. Ng'ambo ya ukuta jirani akapandisha ghorofa, jua likawa linafika kwenye ndoo zile kama mgeni mwenye haraka, hakai hata kunywa maji. Nyanya zikatoka, zikanenepa, zikabaki kijani. "Zimeiva?" "Bado." Siku za karibuni, kila akisema bado, alisikia upande wa pili pumzi ikishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa anaisikia. Akajifanya hakuisikia.

Basi asubuhi hiyo, bomba linatiririka, Mama Nukta akageuza macho ukutani, na katikati ya majani akaona wekundu.

Ndoo ilijaa ikamwagika asitambue. Nyekundu. Siyo moja. Akafuta mkono kwenye sweta, akatoa simu mfukoni, akampigia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Atakuwa ameshapanda juu ya vyuma vyake, akawaza, na akaandika neno moja, neno walilokuwa wanalisubiri wote watatu: Zimeiva. Akatuma.

Ndipo akasogea kuichuma moja.

Kidole kikanata. Harufu kali ikampanda puani, akatazama kidole chake, akakikuta chekundu. Akasimama vile vile, maji yakimpita miguuni, na ule mlio wa gizani ukamrudia na jina lake. Ilikuwa rangi ya kucha. Kichupa alichonunuliwa na mumewe, kile chenye kigololi ndani, ambacho lazima ukitikise kwanza. Mumewe ndiye aliyekuwa akimpaka. Mikono ile iliyozoea kufuata mstari wa moto juu ya chuma ilipita kwenye kucha zake bila hata kugusa ngozi. Tangu aondoke, kichupa hakikutikiswa. Angejipaka amwonyeshe nani? Pasi?

"Nukta."

"Abee."

Mtoto alikuwa mlangoni, blanketi begani, anamtazama kwa matumaini makubwa.

"Nani kapaka hizi nyanya?"

Nukta akakagua vidole vyake, akaona ushahidi upo, akaacha ubishi. "Zilikuwa zinachelewa."

Tatu zilikuwa zimepakwa zote. Ya nne ilikuwa nusu.

"Na hii?"

"Rangi iliisha. Lakini nimeipaka upande wa geti, mama. Baba akiingia anaona nyekundu tu."

Mama Nukta alitaka kufoka, akashindwa. Alitaka kucheka, nako kukamshinda. Alimfunga blanketi vizuri, akamrudisha ndani, kisha akakaa kwenye kizingiti na simu mkononi. Ilikuwa rahisi. Angeandika: nimekosea, bado. Kidole kilikwenda mpaka pale pale pa kuandikia, kikatulia.

Hakuandika. Kwa mara ya kwanza tangu mumewe aondoke, swali lilikuwa limegeuka. Miezi yote alikuwa akiulizwa yeye. Sasa ni yeye aliyeuliza, na alitaka jibu. Zimeiva, je, unakuja?

"Heh." Mama mwenye nyumba alikuwa ametokea na ufagio, mwanamke mnene, anayecheka kwa mabega. "Nyanya hizi zinakwenda harusini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zimenishinda hata mimi. Mimi kucha zangu zina masizi tangu sijazaa." Akainama, akageuza jani moja, na mzaha ukamtoka usoni. Kingo za majani zilikuwa zimekuwa nyeusi. "Lakini hii miche kazi yake imekwisha. Baridi imeshaingia. Ukiziacha hapa, keshokutwa utachuma kamasi."

"Nilitaka zingoje kidogo. Hazijaiva."

"Wala haziivi. Jua la ukuta huu limejengewa ghorofa, utamshtaki nani? Chuma, upike. Mbichi zinaliwa."

"Zinaliwaje? Si chachu tupu?"

"Chachu ukiwa na haraka. Kata, paka chumvi, ziache zilie maji yake yote. Uzikamue, halafu vitunguu, mafuta, na sukari kidogo, ya kuzituliza tu, siyo ya kunywea chai. Kosa la wasichana wa siku hizi ni kuzitia motoni kabla hazijalia." Akaanza kufagia, kisha bila kumtazama akauliza, "Amepokea simu?"

"Yuko kazini, mama."

"Ehe," akasema mama mwenye nyumba, akafagia mahali palipokuwa pasafi.

Mama Nukta alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Siku hiyo simu aliilaza kifudifudi juu ya meza ya pasi, baadaye akaigeuza, kisha akaificha chini ya taulo ili ajidanganye kwamba haitazami. Ikatetemeka mara moja, akaacha pasi juu ya kola mpaka ikatoa moshi. Ilikuwa kampuni ya simu ikimwalika ashinde pikipiki. Akarudi kwenye mashati. Mashati ya waume za watu. Alinyoosha bega, akanyoosha mkono, akageuza, akanyoosha mwingine. Siku nzima alikuwa na mikono ya wanaume mbele yake, mitupu, bado ina joto.

Jioni alimchukua Nukta kwa mama mwenye nyumba. Simu ilikuwa kimya. Uani, miche ilikuwa imeinamisha vichwa zaidi ya asubuhi, na nyanya moja ya chini ilishaanza kulainika upande mmoja. Aliibonyeza, ikabonyea. Akapiga moyo konde.

"Nukta, lete beseni. Tunazichuma."

"Baba hajaja."

"Ninajua."

"Alisema tusile bila yeye."

"Alisema, mwanangu. Lakini zikikaa zitaoza, na zikioza hatakula yeye, hatutakula sisi."

Nukta akasimama, mikono nyuma, shingo upande. "Tukizichuma, atajuaje zimeiva?"

Mama yake akaziinamia ndoo. Alichuma moja, akaiweka chini kwenye saruji kwa kukosa beseni. Akachuma nyingine. Alipofika kwenye ndoo ya tatu alisikia beseni likiburuzwa nyuma yake, kisha vidole vidogo vikaanza kuokota zile za chini, moja moja.

Zile zilizopakwa rangi hazikuwa za kuliwa. Nukta alizipanga mwenyewe dirishani, ile ya nusu akaigeuza kwa makini, wekundu ukatazama geti.

Zilizobaki wakaziosha. Kisu kilipopita, nyanya zilitoa sauti ya kukatika kama tango, na ndani zilikuwa na mbegu nyeupe zisizojua kitu. Mama Nukta akapaka chumvi, akazifunika kwa sahani, wakakaa kwenye mkeka kuzingoja. Alikuwa na njaa, na baridi ilipita chini ya mlango. Mara mbili aliinuka aziweke motoni, mara mbili akakumbuka maneno ya yule mama, akarudi kukaa. Nukta akajisogeza mpaka mapajani. Nje mtu alifungua geti na wote wawili wakainua vichwa. Alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, na viatu vyake.

"Zimelia?" Nukta akauliza.

Mama yake akafunua sahani. Beseni lilikuwa na maji ya kijani kibichi, mengi kuliko alivyotegemea. "Zimelia sana," akasema.

Akazikamua. Akaweka kikaango kwenye jiko la gesi, mafuta yakapata moto, vitunguu vikaingia vikalainika, kisha nyanya, na chumba kikajaa mvuke na harufu ya uchachu uliokuwa ukilegea kidogo kidogo. Akamwachia Nukta anyunyize sukari. Nukta akanyunyiza kama anayelisha kuku, nyingine ikaangukia jiko ikaungua, ikanukia vizuri. Rangi ya kijani ikafifia, ikawa ya dhahabu iliyopauka. Mama akaonja kwa ncha ya mwiko. Akaonja tena, maana hakujiamini.

Zilikuwa tamu. Siyo utamu wa nyanya mbivu. Ulikuwa utamu mwingine, wenye ukali nyuma yake, unaokulazimisha kuchukua tena ili uhakikishe.

Walikula kwa mkate, wakichovya humo humo kikaangoni ili zisipoe. Nukta alianza kwa kulamba, akimchungulia mama yake kana kwamba wanaiba. Kisha akasahau kuiba, akala. Ilipobaki tabaka jembamba chini, akalifuta kwa ganda la mkate, polepole, akizunguka.

Simu ikaita.

Mama Nukta aliiangalia kidogo, akaifungulia sauti kubwa, akaiweka mkekani katikati yao.

"Mama Nukta."

"Nakusikia."

"Nimeona meseji yako."

"Umeiona saa ngapi?"

Nyuma yake wanaume walikuwa wakicheka, bakuli za bati zikigongana. "Asubuhi," akasema. "Nimeshinda nayo mfukoni. Leo nimechomea vyuma ovyo mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa."

Mama Nukta alimwachia nafasi yote.

"Wameongeza mkataba. Mpaka msimu mwingine. Nilikubali, mke wangu. Nilikubali siku nyingi kidogo. Kila nikipiga najiambia leo nitamwambia, nauliza kwanza zile nyanya, wewe unasema bado, na mimi nasema, basi, kama bado, bado."

Kwa hiyo ile pumzi alikuwa ameisikia sawasawa. Mama Nukta akajishika kifua. Palimuuma, lakini hapakuyumba. Ilikuwa kama kukanyaga chini gizani, pale ulipodhani kuna ngazi nyingine, ukakuta sakafu.

"Ungesema tu," akasema. "Ningelia, ningekamua, ningepika. Ungesema."

"Ninajua." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekaa mbali na wenzake wanaocheka. "Mtoto yuko wapi?"

"Yupo hapa. Anakusikia."

"Nukta. Nukta wangu. Kweli zimeiva?"

Nukta akazitazama nyanya za dirishani, nyekundu zote kutoka upande wa geti, na kutoka upande wao tatu tu. Akatazama kikaango. Akameza mkate uliokuwa mdomoni, akainamia simu, mikono magotini.

"Baba, nyanya tumeshazila."