Dume Bado Anabeba Nyasi

Jike alikikataa kiota cha kwanza mbele ya macho yetu sote. Kilikuwa kikapu kidogo cha kusuka, cha mviringo, chenye mlango wa kupitisha vidole viwili, na nilikichagua mwenyewe kwa muuza ndege baada ya kupekua vikapu vyake vyote mpaka akaanza kunikunjia uso. Jike aliingia, akageuka humo ndani, akatoa kichwa, akatoka. Akaenda kukaa kwenye kijiti kule mwisho wa kizimba kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda chenye kunguni.

"Kinayumba," alisema mume wangu kutoka kitandani. "Umekitundika kwa msumari mmoja. Wewe ungezaa juu ya bembea?"

"Mimi sijazaa popote, wala sijui."

Akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na kwa kicheko hicho ningehangaika na viota mpaka mvi zinitoke.

Mume wangu ni seremala. Mtaa mzima unamwita Baba Chiriku, kwa kuwa hatukujaliwa mtoto na nyumba yetu haikuwahi kukosa chiriku. Wa kijivu wenye midomo myekundu, weupe, wenye milia kifuani, wote walipigiana kelele barazani tangu alfajiri. Uvimbe ulipomwanza tumboni aliwagawa mmoja mmoja. Akabakiza dume na jike, na jike mwenyewe umri umeshamtupa mkono.

Daktari alisema uvimbe utolewe mapema, kabla haujatambaa. Mume wangu akaenda, akalala wodini usiku mmoja tu, akarudi na kusema hatii mguu huko tena. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia. Mama yake, anayeishi nasi, alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemtikisa. Akishasema hapana, huyo bwana ni kugonga ukuta.

Kisha siku moja, napiga pasi magauni ya wateja, akasema ghafla: "Hawa wakiangua, nitakwenda. Kinda wa kwanza akitoa kichwa, siku hiyohiyo nichukue unipeleke unakotaka."

"Unaapa?"

"Naapa. Lakini kwanza tafuta kiota cha maana."

Mpeni mwanamke ahadi ya namna hiyo, mwone atakavyotafuta kiota.

Cha pili kilikuwa kibuyu. Nilikikata mdomo, nikakikwangua mpaka kucha zikaniuma. Jike hakujisumbua hata kuingia. Dume alikaa juu yake akaimba, akadhani tumemletea jukwaa.

"Ndani kunateleza," mume wangu akasema. "Mayai yatabingirika yagongane. Toa."

Cha tatu kilikuwa kisanduku cha dukani, kizuri, kinang'aa. Nilikuwa na uhakika nacho. Ndege wote wawili walikikimbia wakabanana pembeni.

"Vanishi," akasema. "Harufu haijaisha. Nani alale kwenye sanduku lililopakwa vanishi leo?" Halafu akageuzia uso ukutani, maana mikono yake ilishatengeneza majeneza mengi, na sote wawili tuliwaza sanduku lilelile. Nikakitoa mbio nikakitupa nyuma ya nyumba.

Cha nne nilikitengeneza mwenyewe, yeye akiniamrisha akiwa amelala. Nilileta vipande vya mbao nyepesi kutoka bandani kwake, msumeno, misumari midogo na futi yangu ya kushonea, maana futi yake ilikuwa imepinda. Upana kama kiganja. Kifuniko juu. Mbele kuwe wazi nusu ya juu tu, na ubao wa chini uinuke kiasi, makinda wasije wakamwagika. Wala nisipige randa ndani, makucha yapate pa kushika.

"Umekata kama unakata mkate," alinicheka.

"Inuka ukate wewe."

Tulikiweka juu pembeni, mbali na upepo wa dirisha, nikakikaza kwa skrubu mbili. Nikakitikisa kwa nguvu. Hakikuyumba. Kisha akanifukuza chumbani mimi na cherehani yangu, akisema uzi ni adui, unawanasa makinda miguuni na kuwakata vidole. Nikahamia ukumbini na magauni yangu, nikafagia chumba kile mpaka chini ya godoro.

Siku ya pili yake jike aliingia kwenye kisanduku asitoke. Dume akashuka chini, akaokota unyasi, akaupeleka. Nilishika mdomo nisipige kigelegele.

Tangu hapo nyumba ikabadilika. Mama mkwe, ambaye miaka yote alikuwa akiuliza kama hapa ni nyumba au pori, ndiye aliyegeuka mkandarasi wa nyasi. Mwanawe alimfundisha: laini, kavu, urefu wa kidole. Alizichuma nyuma ya ua, akazianika juu ya bati, akazichambua kama anachambua mboga. Asubuhi alitia konzi moja kwenye kizimba, mchana nyingine, jioni nyingine. Dume akijaza mdomo anapanda, akishuka anaimba, akiimba anajaza tena. Mume wangu alimtazama kutwa, na uso wake ukawa umetulia kama zamani akipiga randa.

"Ametaga," alitutangazia asubuhi moja. "Sasa mtu asichungulie. Ukichungulia, jike anasusa mayai."

Nikatii. Mimi niliyemkatalia baba yangu mzazi mchumba aliyenitafutia, nilitii sheria ya chiriku! Nilipita karibu na kizimba nimebana pumzi. Nikafungasha mkoba wa hospitali, shuka, kandambili, kikombe, taulo, nikauweka nyuma ya mlango. Nikaenda kumwona daktari, nikamwambia mgonjwa amekubali, atupe muda kidogo tu.

"Muda wa nini, mama?" akauliza. "Muda ndio hatuna."

Ningemwambia nini? Kwamba tunamsubiri chiriku?

Mayai ya chiriku hayakai sana, kama wiki mbili hivi. Wiki mbili zikapita. Mume wangu akawa anaacha chakula sahanini. Tumbo likavimba, miguu ikamwisha nyama. Kila nikiingia nauliza, "Bado?" Naye ananijibu kwa upole, "Bado. Jike ni bibi kizee huyu, mayai yake yanachelewa." Nami nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini, na kwa sababu mambo ya ndege yote niliyoyajua niliyajua kutoka kwake. Wiki nyingine ikapita, na nyingine. Mkoba ukaanza kushika vumbi nyuma ya mlango.

Ulezi tunaowalisha ndege ulipoisha nikaenda kununua mwingine kwa muuza ndege. Aliniuliza hali ya mgonjwa, nikamwambia. Akaniuliza kuhusu viota, nikamsimulia kisanduku changu kwa majivuno, na jike alivyokaa humo mpaka leo.

Akaacha kupima. "Na dume? Dume bado anabeba nyasi?"

"Kutwa. Hachoki."

"Nani anampa?"

"Mama mkwe. Tena nyasi safi kabisa."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Dada, jike akishaanza kutaga, nyasi zinaondolewa. Zote. Chiriku dume hajui kuacha. Akiona nyasi anajenga, anajenga hata juu ya mayai. Jike anataga mengine juu, dume anayafukia nayo. Hapo hakianguliwi kitu."

"Mume wangu hakuniambia."

"Labda ugonjwa umemsahaulisha," akasema, akarudi kwenye mizani yake haraka. "Maana mimi mwenyewe, aliyenifundisha ni yeye."

Sijui nilifikaje nyumbani. Mume wangu alikuwa amesinzia. Nilifungua kizimba, jike akarukia kijitini, nikakilegeza kisanduku, nikakitoa nje uani na kuinua kifuniko. Kilikuwa kimejaa nyasi pomoni. Nilizifunua kwa vidole. Mayai madogo meupe, kama peremende, baridi. Chini yake nyasi. Chini ya nyasi mayai mengine, baridi. Chini yake tena nyasi, na huko chini kabisa mengine yamegeuka rangi na kugandana na ubao. Jike alikuwa ameshaacha kuatamia. Alikuwa akikaa humo kwa mazoea tu.

"Mbona unabomoa nyumba ya watu?" Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, nani alikwambia uwape nyasi kila siku?"

"Si mwanangu mwenyewe? Kaniambia dume akikosa kazi atakufa kwa unyonge. Hata nikichelewa ananiita, mama, nyasi." Akachungulia kisanduku, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. "Kwani wameangua?"

Nilimtazama mama wa watu, vidole vyake vimechanikachanika kwa kuchuma. Hasira yote niliyokuwa nayo ikakosa pa kutua.

"Bado, mama," nikasema.

Nikaingia chumbani, nikakiweka kisanduku kitandani, juu ya shuka, karibu na mkono wake. Akafumbua macho. Hakujitia hamnazo. Aliangalia yale mayai kisha akaniangalia mimi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu kile kikapu."

Nilimwita mwongo. Nilimwita mwoga, nikamwita mengine ambayo sikuwahi kumwita katika ndoa yetu yote, kwa sauti ya chini, mama yake asije akasikia. Nilimwambia kama hakutaka angesema hataki.

"Nilisema," akajibu. "Nilisema sitaki, ukalia. Mama akalia. Nyumba ikawa na matanga na mimi bado nakula. Nikaona afadhali niwape kazi." Akapumzika, maana siku hizo hata maneno yalimchosha. "Ulipokuwa unakata zile mbao ulisahau kulia. Na mama na nyasi zake, ulimwona?"

"Twende leo. Mkoba uko pale. Twende sasa hivi."

Akalivuta shuka pembeni, akaniacha nitazame. Nilikuwa nimelitazama tumbo lile kila siku nikimwogesha, ila nilikuwa nikilitazama kama mtu anayesubiri. Sasa niliangalia vizuri. Hata mimi fundi cherehani nilielewa: ulishatambaa. Nikalirudisha shuka, nikaketi sakafuni, nikalia kilio ambacho alikuwa amenizuilia muda wote ule.

Hakuninyamazisha. Alichukua yai moja la juu akaliviringisha kiganjani, kiganja ambacho sasa kilionekana kikubwa kuliko mwili uliobaki.

"Lakini kiota kilikuwa kizuri," akasema. "Hakikuyumba."

Kwenye kizimba dume alishuka chini. Akapekua pembe zote, akarukaruka, akapanda pale kisanduku kilipokuwa, akakuta skrubu mbili na ukuta. Akashuka tena kutafuta.

Mama mkwe akatokea mlangoni na konzi ya nyasi, kavu, laini, za urefu wa kidole. Akaniona nimekaa chini, akaona kisanduku juu ya kitanda, akababaika.

"Anatafuta, maskini," akasema. "Nimpe?"

Mume wangu aligeuza kichwa. Alinitazama mimi, na mama yake naye akanitazama mimi. Nikajifuta uso kwa ncha ya kanga. Nikanyanyuka, nikakirudisha kisanduku mahali pake na kukaza skrubu, ya kwanza, kisha ya pili.

"Mpe, mama," nikasema.