Marejesho ya Marehemu

Mimi nilikufa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka kununua zipu. Aliyeniua ni mume wangu, kwa kalamu ya wino mwekundu. Msinicheke, hebu nisikilizeni kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Mume wangu ni seremala, karakana yake iko chumba cha nyuma. Mama yangu mzazi hukaa nami dukani akishona vifungo kwa kupapasa, maana macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari alisema upasuaji ni wa nusu saa tu. Nusu saa! Lakini gharama yake ilitushinda miaka miwili mizima.

Sasa, wiki hiyo barua za kodi ziliingia mtaani kwetu, mlango kwa mlango. Zilisema eti tulitozwa kupita kiasi, na serikali itaturudishia kilichozidi. Makubwa haya! Muuza nyama, ambaye sote tunamwita Mjuaji, aliisoma yake juu ya gogo la kukatia nyama, kisha akatangaza: "Huu ni mtego. Wanataka kujua nani ana hamu ya hela, wamtoze mara mbili."

Msusi, jirani yangu, aliificha yake chini ya godoro, na kila saa alikwenda kuichungulia. Kinyozi alisema bila shaka wamekosea, tunyamaze wasije wakashtuka.

"Shoga, wewe umepata?" msusi akaniuliza.

Sikuwa nimepata. Roho iliniuma, halafu nikaona afadhali, halafu hata sikujua naona nini.

Lazima niwaambie ya nyumbani kwetu. Mume wangu ana sheria yake: bahasha yenye mhuri wa kodi haifunguliwi. Anaandika juu yake "Amehama", anamrudishia tarishi, mambo yamekwisha. Mimi alishanihamisha mara mbili. Ile Jumanne alikuja tarishi mgeni, akasema aliyehama lazima anwani yake mpya iandikwe. Mume wangu akakwama. Anwani mpya angeitoa wapi? Akaandika "Amefariki". Tarishi akampa pole, akaenda zake.

Hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba wiki tatu baadaye Mjuaji alilipwa, wa kwanza mtaani kote, na hakuutaja tena ule mtego wake. Nikajifunga kibwebwe, nikaenda ofisi ya kodi.

Karani wa dirisha la tatu, mwanamke mpole mwenye miwani, aliandika jina langu kwenye kompyuta. Akanitazama kwa huruma. "Pole sana, dada. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Marehemu gani?"

Akanigeuzia bahasha. Ule mwandiko ninaujua, ndio ulioniandikia barua za mapenzi enzi za uchumba. Damu ilinichemka.

"Ni mimi huyo," nikasema. "Nipo hapa nimesimama!"

"Nakuona, dada. Lakini kompyuta inasema hupo."

Akanieleza kwamba mtu wa familia yangu lazima aje kuthibitisha kuwa mimi ni mzima, la sivyo marejesho hayatoki. Na aliyeandika uongo ule, akijulikana, ana faini ya kulipa.

Nilirudi nikamkuta mume wangu anapiga randa. Nilimtolea maneno mpaka randa ikamponyoka.

"Umeniua, bwana wewe! Umeniua mimi mzima!"

"Nilikuwa nakukinga, mke wangu."

"Basi twende ukanifufue."

"Mimi? Wakiuona mwandiko wangu si nimekwisha!" Akainama kuokota randa, na hakuinuka haraka.

Kesho yake nikamshika mama mkono, tukaenda. Mume wangu alitufuata kwa mbali, akaishia mlangoni, kofia mkononi.

Karani akamsomea mama fomu: "Mimi shahidi nimemwona mhusika kwa macho yangu, na nathibitisha kwamba yu hai." Akainua uso. "Mama, unamwona?"

Mama yangu hajui kudanganya. Alinipapasa uso, akashuka begani, mkononi, mpaka kidole cha shahada, penye kovu la sindano ya cherehani.

"Ni mwanangu huyu, na mwili una joto," akasema. "Ila kumwona, simwoni, binti yangu. Hela hiyo ndiyo ya kunitibia macho nimwone."

Karani akaweka kalamu chini. "Fomu inataka macho, mama. Nisamehe."

Jamani! Hela ya macho haitoki bila macho! Nilicheka, nikalia, nikashindwa kujua kipi kilianza. Watu kwenye foleni wakatuangalia midomo wazi.

Ndipo nikasikia viatu nyuma yangu. Mume wangu alikuwa ametoka jasho kama aliyebeba mbao.

"Mwandiko huo ni wangu," akamwambia karani. "Niliyemuua ni mimi. Na macho yangu mazima."

"Bwana, umeelewa kwamba kuna faini?"

"Nimeelewa. Nitailipa kwa meza na viti, hata mwaka mzima. Nipe kalamu."

Akaandika polepole, ameuma mdomo, vile anavyofanya akipima ubao wa mwisho uliobaki. *Mke wangu yu hai. Ninamwona.* Karani akagonga mhuri.

"Ameandika nini?" mama akaninong'oneza.

Nikafungua kinywa nimsomee, nikaghairi. Nikamwomba karani nakala, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba wa mama.

"Tulia, mama," nikamwambia. "Hiyo utaisoma mwenyewe."