Spana za Kabatini

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mama mkwe anapewaje jembe hilo. Mama Kanyere, mama wa mke wangu Kaswera, alikuja kwetu Goma kumwona mjukuu, na sasa mwezi ulikuwa unakatika. Nyumba yetu ni ya mbao: ukikohoa chumbani, sebuleni unaambiwa pole. Mwezi mzima nilikula kuku kwa adabu bila kugusa mfupa, vifungo vya shati hadi kooni. Nampenda mama mkwe wangu. Nampenda zaidi akiwa Rutshuru.

Asubuhi aliyokubali kuondoka nilipiga mswaki nikiimba. Dereva Nsabimana alikuja na gari lake kuukuu la mazutu, yaani dizeli, mizigo ikapakiwa, mama akaketi mbele. Nsabimana akazungusha ufunguo. Tak. Akazungusha tena. Tak.

"Ni demarere," nikasema. "Ngoja kidogo, mama." Mimi ni fundi, na starta haijawahi kunitisha.

Lakini kwenye gari lile nati ya juu ya starta imejificha kati ya bomba na ukuta wa injini, utadhani aliyeifunga alikuwa na ugomvi na mafundi. Soketi yenye mkono mrefu ilikosa nafasi ya kuingia. Nikaiongezea kiungo cha kupinda, ikateleza, nikachunika vidole. Nikalala chini ya gari: mkono ukafika, spana haikufika. Na spana yangu ya kila siku imelika mdomo, ingekula kona za nati nikabaki na mama mkwe milele. Kazi ile ilitaka spana nzima ya pete, iliyopindwa shingo kwa moto.

Spana nzima nilikuwa nazo. Mama Kanyere mwenyewe alitupa seti siku ya harusi, na Kaswera akaipanga kwenye kabati la vioo, kando ya sahani za wageni. "Ile ni ya wageni kuona," huniambia, "haiko ya kutia mafuta." Hata kuipangusa vumbi siruhusiwi.

Nikiipinda, namtukana mama mkwe. Nisipoipinda, anashuka na mizigo yake. Nilifikiri muda wa kumeza mate tu, nikapita mlango wa nyuma, nikachomoa nambari kumi na nne, nikaificha ndani ya suruali hadi kwa jirani yangu Baharanyi, mchomeleaji.

"Kambale, hii chuma ni ya bei," akasema. "Bibi yako Kaswera anajua?"

"Pinda."

Akaipinda, nikarudi nayo garini, ikapita nyuma ya bomba vizuri kabisa. Nati ikalia, ikalegea. Nikaitoa starta, nikaisafisha, nikairudisha, na gari likawaka kwa moshi mweusi wa heri. Nikasogea dirishani kumwambia mama safari njema. Nilisahau kwamba spana ilikuwa bado mkononi.

Mama akaitazama. "Hiyo kle haiko ya mu seti yangu?"

Kaswera, aliyesimama kando ya gari kumuaga mama yake, akashika mdomo.

"Ni yenyewe, mama. Nimeipinda. Unisamehe."

Machozi yakamlenga, nami nikajua nimekwisha.

"Kila mara nakuya hapa," akasema polepole, "nakuta kle zangu mu kabati, ni mupya tu. Nikajisemea, huyu mutoto hakupenda zawadi yangu. Iliniumiza sana, Kambale. Leo nimeona iko inakutumikia."

Nilifurahi, kweli nilifurahi. Moyo wangu ulilainika hata nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili yenye mafuta, nikamwambia nyumba yangu ni yake.

Mama Kanyere akafungua mlango wa gari, akashuka.

"Papa Nsabimana, shusha mizigo," alisema akijifuta macho. "Nitabakia kwanza, nione na zile zingine ziko zinatumika."

Nsabimana akanitazama, akazima gari.